Ada ya CPA: mwajiri aahidi, mfanyakazi akope

Katika ofisi nyingi za Dar es Salaam, kifungu cha kuwaendeleza wafanyakazi kimo kwenye kanuni za kazi, na mara nyingine kimo hata kwenye tangazo la ajira. Fedha yake ndiyo haionekani. Mhasibu anayetaka kukaa mitihani ya CPA, cheti cha taaluma ya uhasibu, au ofisa ununuzi anayesaka CPSP, cheti cha taaluma ya ununuzi, huandika dokezo. Dokezo hupanda kwa mkuu wa idara, hupita rasilimali watu, hufika kwa wenye fedha, kisha hurudi na jibu lililozoeleka: bajeti ya mafunzo imeshapangwa, lipa kwanza, utarudishiwa ukifaulu.

Sharti hilo la mwisho ndilo linalobeba biashara yote. Linamwacha mfanyakazi atafute mwenyewe ada ya usajili, ada ya mitihani, pesa ya darasa la jioni na ya vitabu, na hasara ya kuanguka iwe yake peke yake. Mwajiri huingia matokeo yakishatoka, wakati hakuna tena cha kuhofia.

Mhasibu wa kampuni moja ya uwakala wa forodha, aliyeomba asitajwe kwa kuwa bado yuko kazini, ana kisa ambacho wenzake wengi watakitambua. Alikopa kwenye chama cha kuweka na kukopa, akalipa, akakaa mitihani ya Mei. Mei ni mwezi mbaya kwa mtu wa kazi yake: kampuni inayofunga hesabu Desemba inatakiwa kuwasilisha ritani ya kodi ya mapato kabla Juni haijaisha, kwa hiyo wakaguzi wako mezani na kila mmoja anaulizia vocha. Aliomba ruhusa ya kusoma, akaambiwa achukue siku za likizo yake ya mwaka. Alisoma usiku. Matokeo yalipotoka alikuwa amefaulu masomo yote ya ngazi aliyokuwa akiifanya isipokuwa moja.

Alipopeleka risiti, alifunguliwa kanuni na kuonyeshwa kwamba kufaulu maana yake ni kumaliza ngazi nzima. Hakurudishiwa hata shilingi. Alirudia somo lile Novemba kwa pesa yake, akafaulu, akapeleka risiti tena. Safari hii waliridhia kumlipia ada za mitihani tu, si darasa wala vitabu, na kabla ya malipo aliwekewa mkataba wa kuitumikia kampuni miaka miwili. Akiondoka kabla ya muda huo atalipa fedha yote, hata kama atakuwa amebakiza mwezi mmoja. Makato ya mkopo, anasema, yalikuwa yakiendelea kwenye mshahara wake wakati wote huo.

Mkataba wa namna hiyo haukatazwi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka tu kwamba makato ya deni kutoka kwenye mshahara yawe na msingi, na ridhaa ya maandishi ya mfanyakazi ni mojawapo ya misingi hiyo. Ridhaa hiyo huwa imo ndani ya fomu ileile ya kuomba ada, mistari michache juu ya mahali pa kuweka saini. Mtu mwenye mkopo shingoni hasomi mistari hiyo kwa utulivu.

Upande wa serikali hadithi ni ya nafuu. Ofisa mmoja anayeshughulikia masuala ya kodi anaelekeza kwenye tozo ya kuendeleza ujuzi: mwaka 2012 ilikuwa asilimia 6 ya mishahara, na tangu Julai 2023 ni asilimia 3.5. Wenye wafanyakazi chini ya 10 hawadaiwi tozo hiyo kabisa. Kwa hesabu yake, kampuni yenye mishahara ya shilingi milioni 100 kwa mwezi iliyokuwa ikilipa milioni 6 sasa inalipa milioni 3.5, na milioni 2.5 zinazobaki zinatosha kusomesha.

Hesabu ni sahihi. Hitimisho ndilo linalotia shaka, kwa sababu hakuna kanuni inayomtaka mwajiri apeleke nafuu hiyo kwenye mafunzo, na wahasibu tuliozungumza nao hawakuona bajeti ya mafunzo ikiongezeka kiwango kiliposhuka. Hata tozo yenyewe, theluthi moja imekuwa ikienda kwenye mafunzo ya ufundi na sehemu kubwa iliyobaki serikalini, ambako imetumika pia kwa mikopo ya wanafunzi wa vyuo vikuu. Mhasibu aliyeko kazini, ambaye tozo inakokotolewa kwa mshahara wake, hana dirisha la kwenda kudai.

Kenya wanatoza shilingi 50 tu za huko kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, lakini mwajiri anaweza kudai arudishiwe sehemu ya gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa mapema. Ni pesa ndogo, ila njia ya kuifikia ipo.

Waajiri nao wana lao. Mwenye kampuni moja ya usafirishaji analalamika kwamba alimsomesha kijana mpaka akapata CPA, naye akaenda benki kwa taarifa ya siku 28. Malalamiko hayo yana uzito, ingawa hakusema kama alimpandishia mshahara baada ya cheti.

Huko mbele hakuna anayeahidi kitu. Kampuni kubwa zenye wanahisa wa nje pengine zitaendelea kulipa, maana zinahitaji watu waliosajiliwa kutia saini hesabu zao. Kwa kampuni za kati na za familia, dalili za mabadiliko bado hazionekani, labda tozo ishuke tena na safari hiyo ishuke kwa masharti.