Je, Wajua? Bahasha Kwanza, Mashine Baadaye

Je, wajua kwamba askari polisi unayemkuta Mtwara au Kagera huenda alianza kupiga kwata Moshi, kwenye shule ya polisi ambayo wengi bado wanaiita CCP, yaani Chuo cha Polisi?

Je, wajua kwamba askari huyo akichukua nguo yenye damu kama kielelezo, hapaswi kuifunga kwenye mfuko wa nailoni? Unyevu ukibaki ndani, nguo huvunda na vinasaba huharibika. Huanikwa kivulini mpaka ikauke, ikatiwa kwenye bahasha ya kaki, ikapigwa lakiri, ikaandikwa tarehe, saa, mahali na jina la aliyeichukua. Kila anayeipokea anasaini. Saini moja ikikosekana, wakili wa utetezi ameshapata pa kushika, hata kama kipimo cha maabara ni cha bei mbaya kiasi gani.

Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilishalieleza hilo katika rufaa ya jinai namba 110 ya 2007: kielelezo kiwe na maandishi yanayoonyesha kilivyokamatwa, kilivyotunzwa, kilivyohama mikono na kilivyopimwa. Baadaye ikalegeza kwa vitu visivyobadilishwa kirahisi, pembe za ndovu zikiwemo. Askari wa wanyamapori wanaosomea Mweka, chuo kilichoanza 1963 juu kidogo ya Moshi, hilo linawahusu moja kwa moja.

Je, wajua kwamba mapacha wa kufanana hushabihiana vinasaba, lakini alama zao za vidole hutofautiana?

Nchini Tanzania vinasaba hupimwa kwenye Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, yenye asili yake Dar es Salaam, mwaka 1895, enzi za Wajerumani. Sheria ya kusimamia vinasaba vya binadamu ilitungwa 2009.

Je, wajua kwamba kipimo cha vinasaba kilipotumika kwa mara ya kwanza katika kesi ya mauaji, Uingereza, 1986, kilimwokoa kijana wa miaka 17 aliyekuwa amekwisha kukiri? Mimi hapo ndipo ninapopima thamani ya kifaa chochote cha polisi: je, kinaweza kumtoa asiye na hatia? Ndiyo maana naamini fedha ya kwanza iende kwenye bahasha, daftari la vielelezo, kabati lenye kufuli na mafunzo ya askari wa kituo cha kata. Mashine zifuate.

Nawe msomaji, ukidhulumiwa mwili, usifue nguo. Zitie kwenye karatasi, nenda nazo polisi, uombe PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali.