Hesabu ya Mtu Aliyesimama

Kibanda changu cha ufundi kipo Sakina, hatua chache kutoka inapoanzia barabara ya njia nne iendayo Tengeru, zile kilomita 14 ambazo vijana wa pikipiki wa Arusha wanazipenda kama mboni ya jicho. Asubuhi mawingu yakiachia, Mlima Meru unaonekana wote hadi kileleni, mita 4,566. Miteremkoni kule ndiko wanakotoka wateja wangu wengi: Ilkiding'a, Ilboru, Kiranyi, Olkokola. Kabla sijaiona sura ya mtu, madigadi ya pikipiki yake imeshaniambia alikolala. Tope zito linalonata, huyo ametoka kwenye migomba na kahawa. Vumbi la kijivu, laini kama unga wa ngano, huyo ametoka nyuma ya mlima, Oldonyo Sambu au Ngarenanyuki, ambako mvua ni ya kubembeleza.

Nimekuwa fundi tangu 2014. Kabla ya hapo niliendesha miaka minne, nikianza mwaka 2009 kama deiwaka kwenye Toyo ya mtu mwingine. Mwenye zamu akiumwa au akienda msibani, naichukua mimi kwa siku moja. Siku zile pikipiki za Kichina, Toyo na SanLG, ndizo zilizojaa mjini. Kazi yenyewe ilikuwa bado haijakaa sawa kisheria, mpaka zilipotoka kanuni za mwaka 2010 zilizoweka masharti ya leseni, kofia ngumu kwa dereva na kwa abiria, na abiria mmoja tu nyuma, siyo mishkaki ya watu watatu. Jina tulilikuta tayari. Bodaboda lilizaliwa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, miaka ya 1960, watu walipokuwa wakivushwa kwa baiskeli kutoka boda moja hadi boda ya pili.

Anayedhani wapanda pikipiki ni kabila moja aje akae kwenye benchi langu siku ya Jumamosi. Bwana mifugo mwenye Honda ya serikali hapendi kabisa kuitwa boda. Ukimpigia mluzi "oya boda!" anakunja uso, na ana haki yake, maana yuko njiani kwenda kuchanja ng'ombe wa watu. Vijana wa Kimasai wanaotoka Longido na Monduli wanakuja na shuka zao, rungu limechomekwa chini ya kiti, viti vimevikwa manyoya, vioo vimefungwa riboni. Tunasalimiana: "Ero, sopai?" "Ipa." Vijana wa mjini huwacheka kwenye mizunguko kwamba hawajui kukata kona. Lakini nimewahi kwenda na mmoja wao usiku, nje kabisa ya barabara, kuokoa pikipiki iliyozimika mbugani. Hakuwa na ramani wala simu yenye mtandao, na aliyajua makorongo yote moja baada ya jingine kama mtu anayetembea ndani ya nyumba yake. Niliporudi sikumcheka tena mtu yeyote mwenye shuka. Halafu wapo wenye pikipiki kubwa za Jumapili, jaketi za ngozi na helmeti zilizofungwa mpaka kidevuni. Hao hupita wakinguruma kwenda Usa River, na vijana wa kijiweni husimama kuwatazama, nusu kwa husuda na nusu kwa mapenzi.

Lakini ugomvi mkubwa kuliko wote ni wa Boxer na TVS. Mwenye Boxer atakuapia kwamba hakuna kitu kinachopanda Ilkiding'a na magunia mawili ya mkaa isipokuwa Boxer. Mwenye TVS atakujibu kwamba yeye anakwenda na kurudi, na mafuta yanabaki, na mgongo haumuumi. Nimewasikia wakibishana toka chai ya asubuhi hadi ugali wa mchana. Mimi nimezifungua zote mpaka kwenye pistoni, na hukumu yangu ni kwamba kinachoua pikipiki ni oili isiyobadilishwa. Tena zote mbili ni za nchi moja. Boxer ni ya kampuni ya Bajaj ya mji wa Pune, hao hao waliotupa neno bajaji, na TVS inatoka Hosur, kusini mwa India.

Ugomvi wa jina la pikipiki haumwagi damu. Ugomvi wa kichwa humwaga. Kichwa ni abiria. Kila kijiwe kina mwenyekiti, katibu, daftari na foleni, na mgeni akimshusha mtu pale anatakiwa ageuze aondoke mtupu. Akidandia kichwa cha wenyewe, ananyang'anywa ufunguo. Siku hizi wameongezeka vijana wanaoitwa kwa simu kupitia programu kama Bolt. Hawana kijiwe, wanatokea tu abiria anaposimama, na wa kijiweni wanawaona kama watu wanaovuna shamba wasilolilima. Juu ya hapo kuna bajaji, ambazo zinachukua watatu kwa safari moja, na vifodi vyetu, yaani daladala, ambavyo navyo vinazilalamikia bajaji. Ukisimama mzunguko wa Impala saa kumi na moja jioni utayaona yote hayo yakichomekeana.

Siyo sisi tu. Mwaka 1964 huko Uingereza, kwenye fukwe za Clacton na Brighton, vijana waliopanda skuta za Vespa na Lambretta walipigana na vijana wa pikipiki kubwa hadi polisi wakajaa. Hao hawakuwa wakigombea hata shilingi ya nauli. Waligombea mavazi, muziki na aina ya chombo. Nilipoambiwa habari hiyo niliona afadhali ugomvi wetu, una mkate ndani yake.

Aliyenisimulia alikuwa Mholanzi mmoja, na kuja kwake kibandani ndiko kulikonifundisha jambo ninalotaka kulisema hapa. Arusha ni njia ya wasafiri wa pikipiki wanaoikata Afrika nzima. Mnara wa Saa pale mjini husemwa kuwa ndiyo katikati ya Cairo na Cape Town, na wengi wao hupumzika kambini Meserani, kwenye bustani ya nyoka, barabara ya Dodoma. Huyu alikuwa ameshapumzika na anaelekea Namanga. Mbele ya Oldonyo Sambu jiwe likampasulia tairi la nyuma. Alikaa kando ya barabara na BMW yake muda mrefu, magari yakimpita. Aliyesimama alikuwa kijana wa TVS aliyekuwa akirudi mtupu kutoka kumpeleka mtu. Hawakuwa na lugha moja. Kijana akatazama, akaelewa, akamsaidia kufungua gurudumu, akampakia Mholanzi nyuma na gurudumu kubwa katikati yao, wakashuka hadi Sakina.

Tairi lile halina tyubu. Linakaa kwa kuibana rimu, na vyuma vyangu vya kutolea tairi vilishindwa kuliachanisha. Mholanzi alikuwa anajua njia. Akaomba pikipiki yoyote iliyo karibu. Tukaleta Boxer, tukalilaza gurudumu chini, tukaikanyagisha stendi ya pembeni juu ya ukingo wa tairi, kijana mmoja mnene akakaa upande ule akaegemea. Tairi likaachia kwa kishindo. Pikipiki isiyofika kilo 130 ilikuwa imemtoa kwenye shida mwenzake mwenye kilo zaidi ya 200.

Tukaweka kiraka kwa ndani, na tulipokuwa tukisubiri solusheni ikauke, mwenye Boxer akamwonyesha mgeni maandishi kwenye tangi: Boxer. Mholanzi akacheka, akachora chini kwa kijiti. Kumbe injini ya BMW ile nayo huitwa boxer, tangu ile ya pikipiki yao ya kwanza ya mwaka 1923, kwa sababu silinda zake mbili zimelala kushoto na kulia na pistoni hurushwa nje na kurudi ndani kama ngumi za mabondia. Boxer yetu ina silinda moja na jina tu. Lakini tangu siku ile kijana yule husema ana ndugu Ulaya.

Mgeni akatueleza pia jinsi wanavyosalimiana kwao. Wakipishana barabarani huinua mkono wa kushoto, na Wafaransa, kwa kuwa mkono wa kulia umeshika mafuta, hushukuru kwa kutoa mguu. Salamu nzuri. Sisi tuna honi mbili fupi, na taa ya kumtahadharisha mwenzako kwamba mbele kuna trafiki. Lakini salamu haikugharimu kitu. Nilipomuuliza kijana wa TVS alikuwa amebakiza kiasi gani kufikisha hesabu siku ile, akasema, "Fundi, bado kabisa." Saa tatu alizokaa na mgeni zilikuwa saa zake za kutafuta hesabu.

Msomaji asiyeijua kazi hii lazima aelewe hesabu ni nini. Vijana wengi pikipiki si zao. Ni za tajiri, na kila jioni dereva anampelekea kiasi walichokubaliana. Mimi nilikuwa nikipeleka 7,000 miaka ile, na sasa 10,000 si ajabu. Kinachozidi, baada ya mafuta, ndicho cha dereva. Wengine wana mkataba wa kulipa hivyo hivyo mpaka pikipiki iwe yao, na wakikosa siku kadhaa inarudi kwa mwenyewe, pamoja na kila walicholipa. Kwa mtu wa namna hiyo, kusimama kwa ajili ya mwenzake ni kutoa pesa mfukoni.

Nalijua hilo kwa mwili wangu. Masika ya 2013 nilikuwa nateremka kutoka Ilkiding'a usiku, mvua inanyesha, nikaliingia tope la kwenye kona na pikipiki ikanilalia. Mfupa wa bega ulivunjika. Wiki ile ile nilikuwa nimegombana na kijana mmoja wa kijiwe cha Sanawari kwa sababu ya kichwa, tukashikana mashati mbele za watu. Taa ya kwanza iliyosimama ilikuwa yake. Alinimulika, akanitambua. Akasema, "Chalii yangu, leo umepatikana," na akavua reflekta yake akanifungia mkono kifuani. Akanipeleka hospitali ya Mount Meru, akakaa na mimi mpaka saa nane usiku, na asubuhi akarudi kuiokota pikipiki ya bosi wangu. Nilitaka kumlipa mafuta, akakataa.

Siku ile hakupeleka hesabu, na iliyofuata alipeleka nusu. Alikuwa nyuma kidogo tangu kabla. Tajiri wake hakutaka maelezo. Wiki haikwisha, pikipiki ilichukuliwa, na miezi yote aliyolipa ikapotea. Alifanya udeiwaka kwa muda, kisha akaenda Mirerani kwenye machimbo. Mimi bega likaniachisha kuendesha, nikajifunza ufundi.

Sitaki kuupamba undugu wetu. Nimeona pia sura yake mbaya: gari likimgonga boda, pikipiki thelathini zinalizunguka, na hakuna anayeuliza nani alikosea. Dereva wa gari anatolewa nje, vioo vinavunjwa. Hilo ni kosa, na wenyeviti wa vijiwe wanatakiwa kulikemea kwa sauti. Lakini nimeona vilevile msiba wa kijana wa Ngaramtoni, pikipiki zimefungwa matawi mbele, Boxer na TVS, Honda ya bwana mifugo, vijana wa Kimasai na shuka zao, na vijiwe viwili vilivyokuwa havisemezani vikichangia jeneza kwenye daftari moja. Serikali nayo iliwahi kuona unyonge wa watu hawa. Mwaka 2021 faini ya kosa moja la barabarani kwa bodaboda na bajaji ilishushwa kutoka 30,000 hadi 10,000. Kilichobaki kiko mikononi mwetu tunaomiliki.

Nasema tunaomiliki kwa sababu sasa nami nina pikipiki moja, Boxer, anayoiendesha kijana wa Kiranyi kwa mkataba. Tulipoandikishana niliweka sharti ambalo sijaliona kwenye mkataba mwingine wowote: siku atakayosimama kumsaidia aliyeanguka au aliyekwama, siku hiyo haina hesabu. Jirani zangu waliniambia atanidanganya kila wiki. Mwaka mzima uliopita amesimama mara tatu, na mara zote tatu niliwaona kwa macho yangu watu aliowasaidia. Ni shilingi 30,000. Ninyi wenzangu wenye pikipiki, wa Arusha na wa kwingineko, nawaomba liandikeni sharti hilo kwenye mikataba yenu.