Majina ya Kericho na Bomet Yaliyotoka Nyumbani

Kwa jina lililosafiri mbali kumshinda mwenyewe, ushindi naupa Mogogosiek. Ni soko dogo la Konoin, Bomet, na Wakenya wengi hawajawahi kulikanyaga. Lakini jina hilo hunadiwa Mombasa, kwenye mnada mkubwa wa chai nyeusi, pamoja na Kapkoros, Tirgaga, Litein na Kapkatet. Viwanda vya wakulima wadogo vilipewa majina ya mahali vilipojengwa, kisha majina yakawa chapa za mifuko. Mwonjaji akisema "Litein PF1", PF1 likiwa daraja la chai, mawazo yake yako kwenye rangi ya kikombe na ukali wa chai. Mnunuzi wa Pakistan hulibeba jina hilo hadi Karachi bila kujua kwamba Litein kuna stendi, kanisa na watoto wanaokwenda shule. Huku nyumbani, msimu wa bonasi ya wakulima, jina lilelile hugeuka pesa. "Kapkoros imetoa ngapi?" mkulima humuuliza jirani, naye hujibiwa kwa shilingi na senti za kila kilo ya majani mabichi. Karo ya mwaka mzima imo ndani ya swali hilo.

Jina maarufu kuliko yote ni Kericho lenyewe, na hapa pana jambo linalonigusa. Kericho Gold ni chai ya kampuni ya Mombasa. Ketepa, inayofungwa Kericho kwenyewe, imebeba jina la nchi: Kenya Tea Packers kwa kifupi. Darjeeling, mji wa milimani India, jina lake lilipata ulinzi wa kisheria mwaka 2004 ili chai ya kwingine isiuzwe kwalo. Naamini Kericho inastahili heshima hiyo.

Wataalamu wa hali ya hewa nao wanalijua jina hili, kwa sababu ya mvua ya mawe: siku 132 ndani ya mwaka mmoja, rekodi ya dunia. Mchumaji anayeikuta michai imechanwachanwa hana haja ya kuisoma rekodi hiyo.

Mchai uliowahi kuzaa kupita yote, kilo 10,995 za chai iliyosindikwa kwa hekta kwa mwaka, ulikuzwa huku. Unaitwa S15/10. Mchai wa namna hiyo ulistahili jina la kilima, si namba.

Jina la kiumbe wa kale kabisa linatoka Fort Ternan, kaunti ya Kericho, ambako kikosi cha mtafiti Louis Leakey kilichimbua visukuku vya takriban miaka milioni 14 mwanzoni mwa miaka ya 1960. Swala mmoja wa hapo baadaye aliitwa Kipsigicerus, yaani pembe ya Wakipsigis, wenyeji wa huku. Mji alikochimbuliwa ungali unaitwa kwa jina la Trevor Ternan, afisa wa jeshi la Uingereza.