Mashua Iliyokatwa Katikati

Sisi tunaokaa Nakuru tukitaja ziwa twafikiri flamingo na maji ya magadi. Wenzetu wa Naivasha wana maji baridi na mashua za wavuvi, na upepo wa alasiri wanaujua. Lakini tukivuka Mau na kushuka hadi Kisumu twakuta Nyanza, ziwa ambalo hata mwenye macho makali haoni ng'ambo yake. Huko vyombo vingi vya mbao vimevunjika. Leo na tukitazame kimoja, Daisy.

Daisy ilikuwa mashua ya Church Missionary Society. Ililetwa kutoka Uingereza, ikafunguliwa vipande vipande, na wapagazi wakaibeba kutoka pwani mpaka Kagei, kusini mwa Nyanza. (Wapagazi hao hatuwataji makanisani, nasi twaona si haki.) Desemba 1877 wamisionari wawili, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa katika kisiwa cha Ukerewe. Alexander Mackay, fundi wa mitambo kutoka Uskoti, alipofika Kagei mwaka 1878, aliitengeneza Daisy, na mwezi wa Agosti akatweka tanga pamoja na Kasisi Wilson kwenda Buganda.

Kwenye ufuko wa magharibi dhoruba ikawapata. Ndugu zetu, chombo cha mbao mara nyingi hakivunjwi na wimbi moja. Kikishapanda mchanga, kila wimbi hukiinua na kukibwaga. Misumari hulegea, viungo hufunguka, maji huingia. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Daisy.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 27, twasoma jinsi baadhi ya wale waliosafiri na Paulo walivyofika nchi kavu juu ya vipande vya merikebu. Merikebu yenyewe iliachwa hapo. Mackay na Wilson wasingeweza kuiacha yao. Nyuma yao kulikuwa na habari za Ukerewe, mbele yao maji mengi bado, na mbao mpya hazikuwapo.

Basi Mackay akachukua msumeno. Akakata kama futi 8 za katikati ya mashua na kuziondoa kabisa. Kisha akaileta sehemu ya mbele ikutane na sehemu ya nyuma, na mbao zilizotoka katikati akazitumia kuziba matundu ya pande hizo mbili. Kazi hiyo ilichukua wiki 8. Hebu fikirini, kufupisha chombo kwa makusudi, hali ziwa ni lilelile!

Ikashushwa tena majini, na Novemba 1878 wakafika kwa Kabaka Mutesa. Mackay hakurudi kwao tena. Alifariki Februari 1890 huko Usambiro, kusini mwa ziwa hilohilo; kabla ya hapo alikuwa ameunda mashua nyingine, Eleanor.