Uzamivu wa Elimu ya Muziki na Swali Lililoko Nkunga

Shahada ya uzamivu katika elimu ya muziki ni ngazi ya juu kabisa ya masomo yanayochunguza namna binadamu anavyojifunza na kufundishwa muziki, na kwa hiyo haipaswi kuchanganywa na mafunzo ya upigaji wa ala wala na ethnomuzikolojia, yaani taaluma inayouchunguza muziki ndani ya utamaduni wa watu wake. Imani Sanga, ambaye uzamivu wake katika Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, ulihusu muziki wa injili wa Dar es Salaam, alishughulika na maana ya muziki huo kwa wanaouimba na kuusikiliza, ilhali mtafiti wa elimu ya muziki angetaka kujua mwimbaji yuleyule alifundishwa na nani, kwa njia gani, na kwa nini jirani yake katika benchi hilohilo hakuushika wimbo.

Swali la namna hiyo halihitaji kutafutwa mbali na kata ya Nkunga, wilayani Rungwe. Katika nchi hii ya migomba na chai, wamisionari wa Moravian walifika mwaka 1891 na kujenga kituo chao cha Rungwe, wakaleta pamoja na Biblia nyimbo za sauti nne na, baadaye, matarumbeta. Mwalimu wa kwaya huandika ubaoni tonik solfa, mfumo uliokuzwa na John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19, ambamo herufi d, r, m, f, s, l na t hushika nafasi ya noti na nukta pacha hutenganisha mapigo. Kisha huipitisha sauti ya kwanza peke yake, ikafuata ya pili, ya tatu na ya nne, mpaka zote ziimbwe pamoja. Ing'oma, ngoma ya Wanyakyusa wa Rungwe, haina ubao. Kijana hutazama mikono ya waliomtangulia, huiga, hukosea mbele ya watu, na hurekebishwa na ngoma yenyewe, kwa kuwa pigo lililopotea husikika mara moja. Mtoto wa Nkunga hupitia madarasa hayo mawili bila cheti chochote, na anapoingia shule ya msingi hukuta sanaa imefungwa pamoja na michezo, ikifundishwa mara nyingi na mwalimu ambaye hakupata mafunzo ya muziki. Jinsi njia hizo tatu zinavyosaidiana au kupingana ndani ya mtoto mmoja ni jambo linalotosha tasnifu nzima.

Wapo waliokwisha kupita njia hiyo. Kedmon Mapana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye baadaye alikuwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), aliwachunguza watoto wa Kigogo na kuonyesha jinsi mnyororo wa malezi ya kimuziki, ule unaomfikisha mtoto kutoka mgongoni mwa mama hadi uwanja wa ngoma, unavyokatika. Uganda inatoa mfano ulio bora zaidi. Bigwala ni tarumbeta za vibuyu za ufalme wa Busoga, na kila moja hutoa sauti moja tu, hivyo wapigaji watano au zaidi hulazimika kupokezana kwa haraka ili wimbo upatikane. Anayechelewa hutoboa tundu katika wimbo wa wote. Mwaka 2012 UNESCO iliiingiza sanaa hiyo katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura, wakati wazee mahiri waliobaki walikuwa wanne tu. James Isabirye wa Chuo Kikuu cha Kyambogo alishiriki katika kuifufua kwa kuwakutanisha wazee na vijana, kisha katika Chuo Kikuu cha Oakland, Marekani, akaandika uzamivu wa elimu ya muziki kuhusu ujifunzaji wa muziki wa asili. Emily Achieng' Akuno wa Kenya, aliyepata uzamivu wake Uingereza, aliongoza Jumuiya ya Kimataifa ya Elimu ya Muziki kuanzia 2020 hadi 2022.

Kwa kawaida mwombaji wa uzamivu huwa na shahada ya uzamili, huandika pendekezo la utafiti na kutafuta msimamizi. Marekani humrudisha kwanza darasani na kumtahini, ilhali mfumo wa Uingereza humpeleka karibu moja kwa moja katika utafiti; kote mwisho ni kuitetea tasnifu mbele ya watahini. Ugumu halisi uko uwandani, kwa sababu barua ya kibali hupita mkoani na wilayani kabla ya kufika kwa mtendaji wa kata, na ratiba ya ngoma na mazoezi ya kwaya haifuati kalenda ya chuo.

Kuna pia suala la lugha. Tasnifu za fasihi na isimu ya Kiswahili huandikwa kwa Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lakini za muziki huandikwa zaidi kwa Kiingereza, hivyo mwalimu wa kwaya aliyetoa maarifa yake jioni baada ya jioni hawezi kuyasoma wala kuyasahihisha. Mtafiti atakayekwenda Nkunga anawajibika kubeba, pamoja na kinasa sauti, ahadi ya muhtasari wa Kiswahili na nakala ya rekodi zitakazobaki mikononi mwa wenye sauti hizo.