Uvundo wa Januari

Kila Desemba mabasi ya Kampala hujaa watu wanaokwenda kijijini kula sikukuu. Nyumba za Ntinda, Kyanja na Najjera hufungwa wiki mbili, tatu, na hizo ndizo wiki za jua kali. Januari mwenye nyumba anarudi, anafungua mlango, anapokewa na uvundo wa mayai viza. Kwanza anamshuku panya aliyefia darini. Kisha jirani. Kisha serikali.

Mara nyingi mkosaji yuko bafuni, chini ya kile kichujio cha sakafuni. Kila sinki, kila tundu la sakafu na kila choo cha kuvuta maji kina mahali bomba linapopinda na kubakiza maji. Mafundi wanapaita trapu. Kina cha maji hayo huwa kama milimita 50 tu, na ndiyo kinga yote kati ya pua yako na majitaka. Mpindo wa namna hiyo kwenye choo uliandikishiwa hataza mwaka 1775 na Alexander Cumming, Mskoti aliyekuwa fundi saa mjini London, na hadi leo hakuna aliyeupita kwa urahisi. Udhaifu wake ni mmoja: maji hukauka. Tundu la bafu la wageni lisilotumika hukauka upesi kuliko mengine.

Kwa hiyo kabla ya kusafiri, mwaga jagi la maji katika kila tundu, kisha vijiko viwili vya mafuta ya kupikia. Mafuta huelea juu na kuchelewesha ukaukaji.

Watu wengi hukimbilia dawa. Wanamimina Jik, na harufu isipokoma wanaongeza dawa ya choo yenye asidi. Hapo ndipo balaa, kwani viwili hivyo vikikutana hutoa klorini, gesi inayochoma mapafu.

Uvundo ukibaki ilhali nyumba inakaliwa na maji yanatumika kila siku, sikiliza mabomba. Mtu wa ghorofa ya tatu akivuta choo, maji yanayoporomoka husukuma hewa mbele yake na kufyonza hewa nyuma yake. Hewa isipopata pa kuingilia, mfyonzo huo huvuta maji ya trapu yako. Ndiyo ile sauti ya gluu-gluu kwenye sinki la chini. Dawa yake ni bomba la hewa linalopanda hadi juu ya paa na kubaki wazi. Mjenzi anayebana matumizi hulikatiza ndani ya dari, au hulitokeza kando ya dirisha la chumba cha kulala. Sijui kwa nini mtu anunue vigae vya bei mbaya kisha aubanie urefu wa bomba la plastiki.

Mabomba makuu ya shirika la taifa la maji, yanayoishia Bugolobi na, tangu 2014, Lubigi, yanafikia sehemu ndogo tu ya jiji. Wengine wana tangi la majitaka nyuma ya jikoni, linalonyonywa na lori likijaa. Gesi ya majitaka yao haitoki mbali.

Gesi yenyewe hasa ni mbili. Methani haina harufu, lakini huwaka. Hidrojeni salfaidi ndiyo yenye uvundo, na ina hila: ikifika takriban sehemu 100 kwa milioni hewani, huua uwezo wa kunusa, ukadhani imekwisha. Ndiyo maana mtu akizirai ndani ya tangi, anayemfuata kumwokoa naye huanguka. Ndani ya nyumba haifiki huko kwa kawaida. Huleta maumivu ya kichwa na kichefuchefu.

Anayetafuta nyumba ya kupanga asitazame jiko peke yake. Avute choo cha juu huku mwenzake amesimama kwenye sinki la chini, kisha amwombe mwenye nyumba amwonyeshe bomba la hewa linatokea wapi. Akijibiwa kwamba fundi ndiye anayejua, aulize kodi ya nyumba ya pili.