Maneno matatu ya Kiingereza yanayolimbikiza mpakani

Mfanyabiashara anayevuka Namanga, Busia au Rusumo hukabidhiwa karatasi za Kiingereza. Humo yamo maneno matatu ambayo kwa Kiswahili yote huangukia kwenye kulimbikiza, lakini mfukoni hayalingani.

La kwanza ni “accrue”. Kiasi huongezeka chenyewe kadiri siku zinavyopita, hata mzigo ukiwa umetulia ghalani. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ilipotungwa mwaka 2004, iliweka riba ya asilimia 2 kwa mwezi au sehemu ya mwezi kwa ushuru uliochelewa kulipwa. Kwa maneno hayo, siku tatu za kuchelewa huhesabiwa mwezi mzima.

La pili ni “compound”, yaani riba kuzaa riba. Mkopo wa shilingi 1,000,000 kwa asilimia 2 kwa mwezi huleta riba ya 240,000 kwa mwaka ikihesabiwa juu ya mkopo wa awali tu. Riba ikiongezwa kwenye deni kila mwezi, hufika 268,242.

La tatu, “cumulation”, ni la neema. Katika kanuni za uasili wa bidhaa za Jumuiya, malighafi yenye asili ya nchi mwanachama huhesabiwa kuwa ya nchi inakotengenezwa bidhaa, na hivyo kuisaidia kuvuka bila ushuru wa forodha.

Kabla ya kutia saini, uliza: kinacholimbikizwa ni nini, na hesabu inaanza lini? Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba cha nani?